Kilo Kumi na Tano kwa Kila Mtu

Nianze kwa kukiri. Siku kamati ilipopiga kura ya kumnyang'anya Sperancia ufunguo wa chumba cha kahawa, mkono wangu ulikuwa juu. Ulipanda wa tatu, si wa kwanza, lakini ulipanda. Mimi Nolasco ni katibu wa chama chetu cha wakulima hapa Nkwenda, na siku ile nilijali sifa ya chama kuliko nilivyomjali jirani yangu. Wanaonijua husema hasira zangu ziko karibu na akili zangu ziko mbali. Siwabishii.

Sperancia ana miaka hamsini na miwili. Alizaliwa Nyakasimbi, akaolewa huku kwetu Kyerwa na Apolinary, mtu mpole mwenye kibanja cha migomba na mibuni nyuma ya gulio. Kwa miaka mingi aliuza maharage gulioni, na ukitaka kumfahamu mama huyu, anza na maharage yake. Alikuwa na kopo moja la kupimia. Akija mtu wa kawaida, alijaza kopo, basi. Akija mtu anayemheshimu, alijaza, akalitikisa, akashindilia kwa kiganja, akajaza tena mpaka kikasimama kichuguu juu yake, kisha akatupia nyongeza ya konzi moja. Mama yake alimlea hivyo. Kwao heshima ya mtu huonekana kwenye mkono unaomjazia, na mkono unaompimia mkubwa sawasawa na mdogo ni mkono usio na adabu.

Mwaka juzi chama kilipata mashine ya espreso iliyokwisha kutumika hotelini Bukoba, tukaifunga kwenye chumba kidogo mbele ya ghala. Wazo lilikuwa zuri. Sisi tumelima kahawa tangu enzi za mababu, lakini kuinywa ni habari nyingine. Tunaichuma, tunaichemsha na majani ya porini, tunaikausha na kuitafuna, ile akamwani anayopewa mgeni hata kabla hajavua viatu. Wanunuzi walipokuwa wakituuliza kahawa yetu ina ladha gani kikombeni, tulikuwa tunatazamana kama wanafunzi ambao hawakusoma.

Sperancia ndiye aliyekuwa akitupikia chai ya vikao, kwa hiyo tukampa yeye ufunguo wa chumba hicho. Aliufunga kwenye kamba nyekundu, akauvaa shingoni, akaenda nao hata kanisani.

"Katibu," aliniambia, "miaka ishirini na sita naanika kahawa ya chama hiki, naipepeta, naichambua. Sijawahi kupewa ufunguo hata wa choo chake."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Binti mmoja wa Bukoba aitwaye Joyness, ambaye kazi yake ni kufundisha watu mashine hizo, alikuja akakaa naye siku tatu. Kazi yenyewe ukiitazama ni nyepesi. Unasaga kahawa, unapima gramu kumi na nane, unaitia kwenye kichujio cha chuma chenye mpini, unaisawazisha, halafu unaishindilia kwa tampa, chuma cha mviringo kinachoshikwa kama muhuri wa ofisi. Ndipo unakifunga kichujio kwenye mashine na maji ya moto yanapita. Yakipita kwa sekunde ishirini na nane hivi, umepata kinywaji. Ukishindilia mno, maji yanapenya kwa taabu na kahawa inatoka chungu kama dawa ya minyoo. Ukishindilia kidogo, maji yanakimbia, na mteja anapewa maji ya kusuuzia vikombe.

Siku tatu zikaisha, Joyness akarudi kwao, na vituko vikaanza. Padre wetu alikunywa kikombe chake cha kwanza, macho yakamtoka. Ni mtu wa adabu, akakimaliza, akasema tu, "Ina nguvu." Ambrose, dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya ghala, alikunywa cha kwake akauliza kama kahawa yenyewe itakuja baadaye. Kahawa ilikuwa ile ile, gunia lile lile, asubuhi ile ile. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mambo yakawa ni yale yale. Mwalimu mkuu akalalamika kwamba inamkwaruza koo, na vijana wa kupakia mizigo wakalalamika kwamba haina kitu.

Basi kamati ikakaa. Wanunuzi wakubwa walikuwa waje mwezi wa nane kuionja kahawa yetu, na mwenyekiti Cleophace alikuwa hapati usingizi.

"Wageni wakinywa vikombe viwili vya kahawa moja vikawa na ladha mbili, hawatasema mpishi ana kasoro," alisema. "Watasema kahawa ya Nkwenda haiaminiki. Tutafute mtu aliyesomea."

Tukapiga kura. Kwa huruma kidogo tukaongeza sharti: siku ya wanunuzi Sperancia atatengeneza vikombe kumi mfululizo. Vikifanana, ufunguo ni wake. Vikitofautiana, anaurudisha siku hiyo hiyo mbele ya watu. Na aliyetumwa kumwambia, bila shaka, ni katibu.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya mkono wangu, maana angeisikia kwa wengine. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alikishika kifunguo kile kwa vidole viwili, machozi yakamshuka.

"Mkono wangu una nini, Katibu?" akaniuliza. "Gramu napima. Napenda kazi hii kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Niambie basi, mkono wangu una nini?"

Swali lile liliniudhi siku nzima. Jioni ile nilimpigia simu Joyness nikamwambia kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake, aje atazame alichokifundisha.

Alikuja. Asubuhi nzima alikaa kwenye benchi la wateja na simu yake, akipima sekunde za kila kikombe na kuandika nani amekunywa. Saa sita mchana akaniita, akaomba mzani mdogo wa ghalani, ule wa mshale. Akauweka juu ya meza, akaweka kichujio chenye kahawa juu yake, akampa Sperancia tampa.

"Mama, nishindilie kahawa ya Padre."

Sperancia akakaza midomo, akainamia. Mshale ukaenda kilo ishirini na saba.

"Sasa ya Ambrose."

Kilo tisa.

"Ya Mwalimu mkuu."

Kilo ishirini na mbili.

"Ya mume wako."

Hapo alifikiri kidogo. Kilo kumi na nne. Watu walikwisha kujaa mlangoni, wakaanza kucheka, na Apolinary mwenyewe alikuwepo akicheka kuliko wote.

"Na ya Katibu je?" akauliza Joyness.

Kilo kumi na moja. Nawaambia ukweli, nilikasirika. Miaka yote ile ya kumwandikia barua, halafu namzidi bodaboda kwa kilo mbili tu! Lakini tangu ile kura, nadhani hata hizo mbili alinipa kwa upole wake.

Joyness aliweka karatasi yake mezani. Sekunde alizopima asubuhi zilipanda na kushuka pamoja na vyeo vya watu, tena bila kukosea. Angeweza kupanga viti vya harusi kwa kutumia karatasi ile.

"Mama, mkono wako hauna ugonjwa wowote," akasema taratibu. "Unashindilia kwa heshima."

"Kumbe ulitaka nishindilie kwa dharau?" Sperancia akajibu.

Tulicheka, lakini yeye alikuwa anauliza kweli. Hakuwa amejua. Alipotazama zile kilo, alikuwa anaona kwa mara ya kwanza jambo ambalo mkono wake umelifanya tangu utoto. Na hapo ndipo nilipoanza kumwonea huruma ya kweli, kwa sababu tulikuwa tunamnyang'anya ufunguo kwa kosa la kufunzwa adabu.

Joyness akatoa mkobani tampa nyingine. Kwa nje imefanana na ile ya kwanza, ila ndani yake imo springi. Unasukuma, unasukuma, na ikifika kilo kumi na tano inalia *ta!* kama kufuli inapojifunga. Ukisikia mlio, unaacha. Aliiweka juu ya mzani, akaisukuma yeye, ikalia kwenye kumi na tano. Nikasukuma mimi, kumi na tano. Ambrose akasukuma kwa nguvu zote za kuinua pikipiki, nayo ikalia pale pale kwenye kumi na tano.

"Hii haimjui Padre wala haimjui Ambrose," alisema Joyness. "Nakuachia mpaka wageni wapite."

Mngedhani Sperancia angefurahi. Aliichukia. Kwa wiki nzima alikuja kunililia ofisini kwamba chombo kile kinamfanya mtu wa ovyo. Padre anakuja, ta! Mlevi wa rubisi anakuja, ta! "Najiona nawapunja wakubwa zangu, Katibu. Narudi nyumbani nimechoka kama mtu aliyeiba." Mazoea yana taabu. Kwa watu aliowaheshimu, mlio ulikuwa ukilia naye anaendelea kusukuma kama hakusikia. Nilimkuta pia, baada ya kupima gramu kumi na nane za mwalimu mkuu, anadondoshea nyongeza kwa ncha za vidole. Nilimkemea. Akasema ulikuwa mkono, si yeye.

Lakini si mtu wa kukata tamaa. Alibeba tampa nyumbani, na kwa kuwa hakutaka kuharibu kahawa, alishindilia unga wa mahindi. Apolinary alinipa habari kwamba wiki tatu walikula ugali ambao unga wake ulikwisha kugongwa mihuri. Kila asubuhi kabla ya kufungua chumba alifanya ishirini: anasukuma, inalia, anainua mkono juu kama aliyegusa jiko. Pole pole mkono ulianza kutii. Mwalimu mkuu akasema siku hizi koo halimkwaruzi. Ambrose akaja kuuliza nani amekufa, mbona leo ana kahawa nzuri.

Siku ya wanunuzi ikafika. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja wa Bukoba, Renatha, mwonjaji wa kazi hiyo, mwenye kijiko chake cha fedha mfukoni. Tulipanga meza ya watu kumi. Hapo ndipo nilipoona Cleophace amefanya nini. Waliokaa hawakuwa wanunuzi peke yao. Alimweka Padre, akamweka Mwalimu mkuu, akamweka Ambrose na koti lake la mvua, akaniweka mimi, akakaa na yeye.

"Kama mkono wake bado unachagua watu, leo tutauona," alininong'oneza. Hakuwa na chuki. Alikuwa mtu mwenye hofu anayetaka kujua kabla wageni hawajajua.

Utaratibu ulikuwa huu. Sperancia angetengeneza kikombe cha kila mmoja kwa zamu, jina la mtu likibandikwa chini ya kisahani. Vikifika kumi, Renatha angevichanganya, kisha kila mtu aonje vyote na aseme kipi ni tofauti.

Alianza. Ta! Kikombe cha Renatha. Ta! Cha Padre, na mkono ukainuka kama aliyegusa jiko. Ta! Cha mwalimu. Ta! Ambrose. Nilikuwa nahesabu sekunde kwa saa yangu: ishirini na nane, ishirini na nane, ishirini na tisa, ishirini na nane. Cha kwangu kilipopita salama nilijikuta natabasamu kama mjinga. Vikafika tisa. Kiti cha kumi kilikuwa bado kitupu, na Cleophace alikuwa anatazama mlangoni.

Aliyeingia alikuwa Mzee Kashaija, baba yake Apolinary, mmoja wa waliokianzisha chama. Ana miaka themanini na sita.

Kwa asiyejua mila zetu, niseme hivi. Kwa wazee wa hapa, baba mkwe na mke wa mwanawe ni watu wa kukaa mbalimbali. Hawali meza moja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kwa miaka ishirini na sita chakula cha mzee huyu kilipikwa na Sperancia na kufikishwa na mama mkwe, na mama mkwe alipofariki, na Apolinary. Hakuwahi kukanyaga chumba cha kahawa. Ukubwa wa Padre, ukiuweka karibu na ukubwa wa baba mkwe, ni mdogo.

Sperancia alipomwona alipiga magoti pale pale nyuma ya mashine. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee akasema bila kumtazama, akaketi.

Sperancia alisimama. Alisaga. Alipima gramu kumi na nane. Kisha mkono wake ukaiacha tampa ya springi mezani, ukapanda rafuni ilikokuwa ile ya zamani, ile isiyolia. Akaishika. Wengine walidhani anapanga vyombo, mimi nilijua. Nilitaka kukohoa, nilitaka kupiga kelele, "Mama, acha!" Nikaishia kuitazama saa yangu. Pale shingoni mwa Sperancia kamba nyekundu ilikuwa ikipanda na kushuka kwa pumzi zake. Kilo thelathini zingemtosha baba mkwe, na kila kijiko pale mezani kingeipata tofauti.

Alitazama vile vikombe tisa vilivyopangwa. Alivitazama kwa muda, kimoja kimoja. Halafu uso wake ukabadilika, akatabasamu peke yake kama mtu aliyekumbuka alikoweka kitu. Akairudisha ile ya zamani rafuni, akachukua ya springi.

Ta!

Sekunde ishirini na nane.

Renatha alivichanganya vikombe mgongo wake ukiwa umetukabili. Tukaonja. Kijiko kwa kijiko, kikombe kwa kikombe, chumba kizima kikifyonza kama watu wanaokunywa uji wa moto. Cleophace alizunguka mara mbili, jasho likimtoka. Renatha alizunguka mara tatu. Mwishowe aliweka kijiko chake chini.

"Nimetafuta," alisema. "Sijakiona cha tofauti. Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii, na vikombe kumi vinavyofanana hivi nimevionja mara chache sana. Kahawa yenu nimeielewa. Ni tamu, ni nzito, na inanikumbusha njugu za kukaanga."

Cleophace alisimama. Ni mwenyekiti mwenye kelele, lakini ana haki. "Ufunguo ni wake," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Na asije mtu kwenye kikao kuniletea tena habari hiyo." Watu wakapiga makofi, Apolinary akapiga mluzi huko dirishani. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma, pamoja na aibu yangu yote.

Fimbo ya Mzee Kashaija ikagonga sakafu mara moja. Makofi yakakatika.

"Changu kipi?" akauliza.

Renatha akainama kugeuza visahani atafute jina. Sperancia akamwahi. Alizunguka meza, akapiga magoti mbele ya mzee, macho chini.

"Vyote ni vyako, baba," alisema. "Nilipofika kwenye kikombe chako niliona siwezi kukushusha mpaka kwa Ambrose. Halafu nikaona sikuwa na haja. Hawa wote nilikuwa nimekwisha kuwatengenezea kikombe cha baba mkwe wangu, ila nilikuwa sijajua."

Mzee aliangalia vile vikombe kumi, akamwangalia Padre, akamwangalia Ambrose na koti lake la mvua kwa muda mrefu hata Ambrose akaanza kuvuta zipu. Kisha akachukua kikombe kilichokuwa karibu, akanywa mpaka chini, akajifuta midomo.

Apolinary alikwisha kuingia ndani, amenyoosha mkono kukipokea kikombe kama ilivyo desturi. Mzee alimpita. Akakinyoosha kwa Sperancia mwenyewe.

"Waitu, mwanangu," akasema, kwa neno letu la heshima na upole. "Niongeze."

Alikipokea kwa mikono miwili kutoka mkononi mwake. Akainuka, akarudi kwenye mashine shingo ikiwa wima na machozi yakimtiririka bila kuyafuta, akasaga, akapima, akaisukuma tampa mpaka ikalia. Halafu akatugeukia, akauliza kwa sauti kubwa nani mwingine anataka kikombe cha baba mkwe. Tulinyoosha vikombe wote, Padre akiwa wa kwanza.